YEZEBELI HAKUUAWA NA WANJA

Leo sitabembeleza mtu.

Juzi dada mmoja alikuja kuniona. Kazi yake ni kupamba maharusi. Huko anakoabudu amehudumu katika timu ya sifa miaka sita. Jumapili, kabla ya ibada, wazee walimwita kando wakamwambia achague: rangi ya kope au kipaza sauti. Eti ana roho ya Yezebeli. Eti kazi yake inawafundisha mabinti wa watu ukahaba.

Nilimuuliza swali moja tu: fungu la kumi la kazi hiyo, walikurudishia? Akacheka huku analia.

Sasa wewe mzee wa kanisa, na wewe mtumishi mwenzangu unayesoma hapa umekunja uso, fungua Biblia kabla hujanitumia ujumbe wa kunikemea. 2 Wafalme 9:30. Ndiyo, Yezebeli alisikia Yehu amefika Yezreeli, akapaka macho wanja, akapamba kichwa, akachungulia dirishani. Imeandikwa, sibishi. Lakini hukumu yake ilikuwa imeshatamkwa zamani. Ilitamkwa wapi? Katika shamba la mizabibu la Nabothi, 1 Wafalme 21. Mama huyu aliandika barua kwa jina la mumewe, akazipiga muhuri wa mfalme, akapanga mashahidi wawili wa uongo, mtu asiye na hatia akapigwa mawe, shamba likachukuliwa. Rudi nyuma tena, sura ya 18: aliwaua manabii wa Bwana, hata Obadia akawaficha mia moja pangoni. Nenda mbele Ufunuo 2:20, Yezebeli mwingine anakemewa kwa mafundisho potovu, uzinzi na vyakula vya sanamu. Wanja uko wapi hapo?

Kwa hiyo mkitaka kuisaka roho ya Yezebeli kanisani, acheni kukagua kope mlangoni. Kagueni hati za mashamba. Ulizeni kiwanja cha yule mjane kilihamiaje kwa jina la mzee. Ulizeni nani hutia sahihi kwa niaba ya kamati ambayo haijaketi. Lakini huko hamwendi, maana huko mtakutana na watu wenye suti.

Utaniambia Jeremia 4:30. Vizuri, usome wote. Nabii anazungumza na taifa linalojipamba kwa ajili ya wapenzi ambao wanataka kuliua. Na katika mstari huo huo kuna mavazi mekundu na mapambo ya dhahabu. Mbona sijasikia mchungaji akiambiwa avue tai nyekundu na saa ya dhahabu ndipo ashike madhabahu? Utaniambia 1 Petro 3. Petro anataja nywele, dhahabu na kuvaa mavazi. Kama ile ni marufuku, basi na nguo tuziache nyumbani. Petro alikuwa anatuambia uzuri wa mke wa Mungu hautoki huko, na hapo mimi na Petro tuko pamoja. Dada anayekopa kodi ya nyumba anunue vipodozi nitamkemea, kama ninavyomkemea ndugu anayekopa anunue simu.

Kuna binti mwingine hamumhubiri kamwe. Ayubu alipopona, Mungu alipomrudishia, alizaa mabinti watatu, na wa tatu alimwita Keren-hapuki. Maana yake ni pembe ya wanja, kile chombo cha kuwekea rangi ya macho! Neno la Kiebrania ni lile lile linalotumika kwa wanja wa Yezebeli. Mzee mwenye haki aliyetoka majivuni alimtazama mtoto mchanga akampa jina la kipodozi, kisha akawapa mabinti wake urithi pamoja na ndugu zao. Ayubu 42. Mnasubiri nini kuihubiri?

Natubu hadharani: mimi pia nilihubiri hivyo miaka ya nyuma, kwa sauti kubwa, na kuna mabinti waliotoka kanisani kwangu hawakurudi.

Turudi kwa dada. Alilia sana, na ile rangi haikusogea. Nikamuuliza, hii inashikaje hivi? Mbona ya mama watoto hukusanyika kwenye mkunjo kabla ya saa sita? Akafuta machozi, akaketi wima, akawa mwalimu.

Akaniambia kope ina mafuta yake, na kutwa nzima inakunjwa ukipepesa. Rangi ikikaa juu ya mafuta lazima iteleze. Kwanza osha, kausha, na kama umepaka krimu ngoja iingie kabisa. Kisha praima au konsila, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili, itandaze kwa kidole iwe nyembamba. Wengi wanaharibu hapa kwa kuweka nzito. Juu yake gusisha poda kidogo isiyo na rangi, kwa sababu brashi ikikuta umajimaji rangi inang'ang'ania mahali pamoja, unapata mabaka. Brashi ikishachukua rangi, igonge kidogo ziada idondoke. Rangi ya katikati unaibandika kwa kugandamiza taratibu, hufagii. Kingo ndizo unazilainisha, kwa brashi nyingine safi, laini, kwa mizunguko midogo. Tabaka jembamba, tena tabaka jembamba.

Na kwa ngozi yetu nyeusi, alisema, rangi nyepesi za bei rahisi hugeuka majivu. Yeye huanza na kahawia inayokaribiana na ngozi ya bibi harusi ndipo ajenge. Dukani usiiamini taa, paka mkononi utoke nje uone kwa jua. Vile vimetameta vya kupambia kadi usiweke machoni hata siku moja, vinakwaruza mboni. Brashi zioshwe kwa sabuni.

Mnaona? Mahubiri matatu yako hapo na sitahubiri hata moja. Nilikaa tu nikamsikiliza fundi. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu apate ustadi wa mikono, Kutoka 31, na huyu mikono yake inasomesha wadogo zake wawili.

Sikumwambia ahame kanisa. Nilimwambia Jumapili arudi kwao, aketi kiti cha mbele, na wimbo ukianza aimbe kutoka pale pale alipoketi. Kipaza sauti si lazima.

Jumamosi saa nane mchana atawafundisha akina dada katika ukumbi wetu mdogo. Hakuna kiingilio. Kila mmoja aje na brashi yake, macho mekundu hatutaki kuambukizana. Wazee mnaotaka kuja, viti vya nyuma vipo.