Dole la Chini Si Matusi

Wasee, wacha niseme hii halafu mnipige mawe baadaye. Mtu akiuliza swali kwa grupu, na wewe ukamletea maneno 600 uliyookota mahali bila hata kuyasoma, unastahili dole la chini. Si "asante kwa habari". Si mikono miwili ya maombi. Dole la chini, peupe, kila mtu alione.

Huku kwetu, kuanzia Nyeri mjini, Karatina, Othaya, mpaka Nanyuki kule juu, tumekuwa watu wa adabu ya ajabu tukishika simu. Kwa steji ya matatu tunaambiana ukweli bila kupepesa macho. Lakini kwa WhatsApp mtu akimwaga takataka ndefu, tunamshukuru. Na tangu 2022 unaweza kuweka emoji yoyote chini ya meseji, hata hiyo ya dole la chini, na haikuli bando ya maana. Hatuigusi. Tunaogopa kuonekana wabaya.

Niwape mfano mmoja ndio mjue siongei hewa. Mathee aliniongeza kwa grupu moja ya wakulima wa kahawa ili nikue nikimsomea zile meseji ndefu. Mwezi wa sita, mama mmoja akatuma picha na swali la mistari miwili: matunda yake ya kahawa yanaweka madoa meusi na kuoza yakiwa bado kijani, afanye nini? Picha ilikuwa safi. Swali lilikuwa safi.

Dakika tatu hazijaisha, jibu hilo hapo. Refu kama foleni ya mwisho wa mwezi kwa benki. Vichwa vidogo, nambari, vinukta, na pale mwisho "Natumaini maelezo haya yamekusaidia!" Hebu niambieni, ni mkulima gani wa Mukurweini anaongea hivyo?

Nilisoma yote, kwa sababu mimi ndiye msomaji wa nyumba. Jibu lilikuwa la kutu ya majani. Majani! Mama wa watu ameonyesha matunda. Kitu kinachoozesha matunda yakiwa kijani huku kwetu, cha kwanza mkulima yeyote anashuku ni CBD, na simaanishi katikati ya jiji la Nairobi. Ni ugonjwa wa kuvu ulioripotiwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922, na mpaka leo uko Afrika pekee. Brazil hawana. Kwa hivyo ukikopi maelezo yaliyoandikiwa mkulima wa Brazil, yatakueleza kutu vizuri sana, na hiyo CBD hutaipata hata kwa darubini. Ndio maana Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian ikafuata mwaka 2010: watu walikaa miaka wakitafuta miti inayovumilia ugonjwa huo, wakati SL28 na SL34 za mababu zetu zinalia kila mvua ikinyesha. Na dawa za kopa ni za kukinga. Unapiga mapema, matunda yakiwa machanga, si yakishageuka meusi.

Sasa hiyo haikuwa hata sehemu mbaya. Jibu lilisema pia: pogoa miti baada ya mavuno, mwezi wa Septemba.

Brazil wanavuna kuanzia Mei hivi mpaka Septemba. Huku Nyeri mavuno makubwa ni Oktoba hadi Disemba. Septemba matawi yamebeba. Ukikata Septemba umekata karo ya shule, umekata Krismasi, umekata kila kitu, na hii ni wakati kuna viwanda vimelipa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya cheri.

Yule mama akauliza, "Kwa hivyo Septemba nikate?" Kimya. Madole ya juu yakaendelea kuingia, amina zikaendelea kuingia. Kijana mmoja tu ndiye aliyeweka dole la chini, na chini yake akaandika: "Hii ni ya Brazil. Septemba huku matunda yako kwa mti. Usikate." Hizo ndizo zilikuwa sentensi za maana kwa grupu siku hiyo nzima. Admini akamtoa. Sababu? "Tuheshimiane."

Kuheshimiana na nani? Aliyekopi alipata heshima. Admini alipata heshima. Mama mwenye shamba ndiye hakuna mtu alimheshimu isipokuwa kijana aliyefukuzwa.

Na msiniambie ni mambo ya wazee peke yao. Grupu za madarasa ni hivyo hivyo. Mtu anauliza, "Assignment ya leo swali la pili linataka nini?" na mwenzake anamrushia kurasa tatu kutoka ChatGPT zenye kila kitu isipokuwa swali la pili. Halafu wote wanapeleka jibu moja kwa mwalimu, na makosa yale yale, kama mapacha.

Najua hii tabia ilitoka wapi. Shuleni karatasi ya insha inakuambia insha isipungue maneno 400, na ukiandika 250 zenye akili unakatwa. Ufupisho, ile kazi ngumu ya kusema jambo kwa maneno machache, ina alama 15 tu, na wengi walikuwa wanairuka wakimbilie matumizi ya lugha. Kisha ukimaliza shule unakutana na wasee wa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo assignment, ambapo ukurasa ni maneno 275 na unalipwa kwa ukurasa. Nani atakuwa mfupi? Tumelelewa tukijua jibu refu ni jibu la mtu aliyesoma. Kwa hivyo likija refu tunapiga saluti kabla ya kulisoma.

Lakini urefu wenyewe sina shida nao, na hapa ndipo watu wa rika langu mnanikera. Kuna wale wa "ndefu sana, sisomi" na dole la chini palepale. Huo ni uvivu umevaa miwani ya jua. Kwa grupu hiyo hiyo kuna mama wa upande wa Tetu aliyewahi kuandika meseji ndefu kuliko ile ya Brazil, akieleza wiki kwa wiki alivyopiga dawa, mvua ilikuja siku gani, alirudia lini, na mti gani ulikufa. Haikuwa na kichwa kidogo hata kimoja. Ilikuwa na makosa ya tahajia. Na ilikuwa yake. Ukimuuliza swali anajibu, kwa sababu alikuwa pale. Huyo ukimpigia dole la chini kwa urefu, wewe ndiye unafaa kutolewa.

Kwangu kipimo ni hicho tu: nikikuuliza swali moja kuhusu ulichotuma, unaweza kunijibu bila kurudi kukopi tena?

Kuna mtu ataniletea kesi ya Rose Njeri, na ni haki yake. Mwaka jana, 2025, msichana huyo alitengeneza mtambo wa kusaidia Wakenya kutumia bunge barua pepe za kupinga Mswada wa Fedha. Unabonyeza, barua iliyoandikwa tayari inakwenda. Akakamatwa mwisho wa Mei, akalala ndani siku kadhaa, na Juni mahakama ikasema mashtaka yale hayaonyeshi kosa lolote. Je, zile barua si kopi? Ni kopi. Lakini kila aliyebonyeza alijua anasema nini: sitaki huu mswada. Barua ile ilikuwa kama sahihi yake, kama kuinua mkono kwa baraza. Hakuna aliyejifanya mtaalamu wa kodi. Kukopi kauli unayoisimamia na kukopi utaalamu usio nao ni vitu viwili, na serikali ndiyo ilijifanya haioni tofauti.

WhatsApp wenyewe walijaribu kutusaidia. Meseji ikifowadiwa sana inawekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huwezi kuirusha kwa zaidi ya chati moja kwa mara moja. Watu wetu wakafanya nini? Wanashikilia maneno, wanakopi, wanapesti upya. Mishale inapotea, na sasa inaonekana ni yeye ameandika. Huo ndio uongo wenyewe. Ungeacha mishale ningekuhurumia.

Haya, adabu. Maana dole la chini nalo lina adabu zake. Pale Stack Overflow, ambapo waandishi wa programu huulizana maswali, ukipigia jibu la mtu kura ya chini anapoteza pointi 2, na wewe uliyepiga unapoteza 1. Napenda hiyo. Inakulazimisha kufikiria kama kosa ni kubwa kiasi cha wewe kulipia. Hao hao, Disemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, walipiga marufuku majibu yake kwa sababu yalikuwa yanaonekana mazuri na mengi yalikuwa ya uongo. Kwetu hakuna pointi, kwa hivyo bei yako iwe sentensi moja. Ukiweka dole, sema kwa nini, kama yule kijana. Dole bila sababu ni kunyoosheana vidole tu. Na likishafika moja lenye sababu, nyinyi kumi msijipange nyuma kama mnapiga mwizi. Akirekebisha, toa dole lako.

Kwa wazee? Sitawadanganya, mimi siwezi kumwekea guka dole la chini mbele ya wakwe zake. Lakini hakuna aliyenizuia kuuliza. "Guka, hii dawa ulipiga kwa ile miti ya chini ama ya juu?" Hilo swali linafanya kazi yote. Kama alipiga, tutajifunza sisi sote. Kama hakupiga, atanyamaza, na kila mtu kwa grupu atakuwa ameelewa bila guka kuvuliwa kofia.

Mnaosema dole la chini linaua moyo wa watu, YouTube walifikiri hivyo hivyo, wakaficha hesabu ya madole ya chini Novemba 2021. Mimi kazi yangu ni kuposti na nakula madole kila wiki, kwa hivyo ningefaa kufurahi. Lakini siku hizi ukitafuta video ya jinsi ya kufunga mtungi wa gesi huwezi kujua kama watu 5,000 walishaona ni ya kukulipua.

Kwa hivyo nyinyi maadmini, mrudisheni yule kijana. Septemba bado inakuja, na kuna watu wengine kwa hiyo grupu hawakusema kitu, lakini walihifadhi lile jibu la Brazil.