Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Vipimo vya mafundi navyo vipimwe

Mheshimiwa Waziri,

Ninaendesha karakana ya kukereza vyuma hapa Kahama. Wateja wangu ni wenye mashine za kukoboa mpunga na wachimbaji wadogo wenye makarasha. Kilio chao ni kimoja: beringi zinakufa mapema. Lawama humwangukia muuza beringi, eti kauza feki. Feki zipo, sikatai. Ila nyingi ninazoletewa zimeuawa na shafti iliyokosewa kwenye mashine ya kukerezea ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Shafti ya milimita 50 inayobeba beringi kwa mkazo wa kawaida hutakiwa iwe kati ya milimita 50.002 na 50.018. Nafasi aliyonayo fundi ni maikroni 16 tu, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Shafti ikipungua, beringi inazunguka juu yake na kuila. Ikizidi, gololi zinabanwa na beringi inachemka. Sasa, maikromita iliyowahi kuanguka sakafuni inaweza kudanganya kwa zaidi ya maikroni hizo 16, na fundi asijue, maana namba zinasomeka vilevile.

Kuna na joto. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na mchana wa Kahama hauko hivyo. Hilo peke yake halitushindi, kwa kuwa chuma cha maikromita na cha shafti hutanuka pamoja. Balaa ni haraka ya kupima shafti ingali ya moto. Ikiwa imeizidi maikromita kwa nyuzi 20, ikipoa itasinyaa maikroni 11 hivi, na kazi imeharibika mteja akiwa amesimama mlangoni.

Mashine zenyewe za kukerezea nyingi ni kuukuu, zimefungwa juu ya zege lililopasuka. Kitanda cha mashine kikijipinda kidogo, shafti inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kulijua hilo si kazi ngumu: unafunga chuma cha majaribio kilichonyooka, unaweka geji ya mshale kwenye kibebeo cha kisu, kisha unaitembeza milimita 300. Mshale ukisogea zaidi ya 0.02 ya milimita, mashine inahitaji kurekebishwa. Profesa Georg Schlesinger alichapisha taratibu za namna hii Berlin mwaka 1927. Karibu karne nzima imepita, na bado wapo mafundi wenye vyeti ambao hawajawahi kuona zikifanyika.

Mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Kwetu hawafiki, wala siwalaumu. Kazi yao ni vipimo vya biashara. Shirika la Viwango (TBS) lina Maabara ya Ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, Dar es Salaam, lakini huko ni karibu kilomita 1,000, na maikromita iliyotikiswa njia nzima kwenye buti la basi inaweza kurudi na kosa jipya.

Ninachoomba si kikubwa. Kila ofisi ya mkoa ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) iwe na seti ya vipande vya geji 10 vya kuhakiki maikromita, kuanzia milimita 2.5 mpaka 25, vinavyopelekwa TBS kuhakikiwa kwa ratiba. Seti nzima inaingia kwenye kisanduku cha ukubwa wa kitabu. Saizi zake, kama 5.1, 7.7 na 10.3, zimechaguliwa makusudi ili pipa la maikromita likaguliwe likiwa limezunguka pembe tofauti, maana ndiko kosa la skrubu hujificha. Ongeza chuma cha majaribio na pima maji ya usahihi wa 0.02 ya milimita kwa mita, ambavyo mtumishi wa SIDO anaweza kuja navyo karakanani. Fundi alipe ada ndogo, apewe karatasi yenye tarehe, aibandike ukutani mteja aione.

Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, haiko chini ya wizara yako, najua. Lakini neno lako kwa mwenzako wa Elimu lina uzito kuliko langu: mwanafunzi asikereze chuma cha mtihani kabla hajaipima mashine mwenyewe.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Naomba fungu la vifaa hivi liwemo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mkerezaji, Kahama