Walimu tuwafunze vijana kusoma mikataba ya kazi

Yapo maswali matatu ambayo mwalimu aliyekaa muda mrefu katika shule za upande huu wa mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, hawezi kuyaepuka. Wanafunzi wake wa zamani humjia nayo sokoni, stendi ya matatu, hata nje ya kanisa. La kwanza ni hili: "Mwalimu, karatasi hii niliyopewa nitie sahihi, inanifunga vipi?" La pili ni la nauli: wapi patapatikana tikiti ya ndege ya bei nafuu ya kwenda Riyadh, Doha au Dubai? La tatu huonekana dogo mno, na aghalabu huulizwa kwa kicheko: nikinyang'anywa simu huko niendako, nitampigia nani, ikiwa sijui kwa moyo hata nambari ya mama yangu?

Kwa maoni yangu maswali haya matatu ni swali moja. Anayeuliza ni mtu anayejiandaa kuuza nguvu zake kwa mwingine asiyemjua, naye anataka kujua atashika nini mambo yakiharibika. Kinachonisikitisha ni kwamba tumemfunza kijana huyu kwa miaka 12, anaweza kuchambua shairi na kupanga nomino katika ngeli zake, lakini ametoka mikononi mwetu bila kuwahi kuusoma mkataba hata mmoja.

Pengine ni kwa sababu sisi wenyewe hatuisomi. Chukua mfano wa mwalimu anayeajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule, yule ambaye hayumo katika orodha ya mishahara ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Huitwa ofisini, huambiwa masomo atakayofundisha na kiasi atakacholipwa, hupeana mkono na mkuu wa shule, na kesho yake yumo darasani akishika chaki. Miezi hupita, hata miaka, bila karatasi yoyote. Ukimwuliza, atakuambia kwamba hana mkataba.

Hapo ndipo anapokosea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo sawa na ule wa maandishi. Tena inasema kwamba kazi itakayochukua jumla ya miezi 3 au zaidi ni lazima iandikiwe mkataba, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri, si la mwajiriwa. Linalofuata ndilo ambalo wengi hawajapata kulisikia: ikiwa mambo yatafika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa mkataba wa maandishi, basi ni juu yake kuthibitisha au kukanusha yale ambayo mfanyakazi anadai kwamba walikubaliana. Kwa maneno mengine, ukosefu wa karatasi ni mzigo wa mwajiri. Mwalimu wa bodi aliyehifadhi ratiba ya vipindi yenye jina lake, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi alipolipwa, ana ushahidi mzito kuliko anavyodhani. (M-Pesa yenyewe ilianza mwaka ule ule wa 2007, na sidhani kama walioibuni walifikiri kwamba ingekuja kuwa daftari la mishahara la watu wasio na daftari.)

Shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, walimu wengi wa bodi walikaa miezi bila senti. Nilimjua mmoja, mwalimu wa hisabati katika shule ambayo sitaitaja, aliyerudi kwao kuchuma majani chai kwa malipo ya kilo. Hakuwahi kuuliza kama alikuwa amesimamishwa, amefutwa, au yungali mwajiriwa. Alidhani kwamba hana haki ya kuuliza. Ilhali sheria inamtaka mwajiri anayelipa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kabla ya kumwachisha mtu kazi, na inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 yenye malipo kwa kila miezi 12 aliyofanya kazi. Hata mchumaji chai, au kibarua anayefunga miraa kule Maua na muguka kule Mbeere, akiwa ameajiriwa kwa siku na kuendelea mfululizo hadi siku zake za kazi zikafikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi.

Kisa cha walimu wanagenzi wa shule za sekondari ya msingi kinafaa kutajwa pia. Hao walitia sahihi mikataba ya mwaka mmoja iliyowaita wanagenzi, wakawa wanalipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifundisha vipindi sawa na vya mwalimu mwingine yeyote. Mnamo 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kama wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu hao walikuwa barabarani wakigoma, na Januari 2025 takriban 46,000 kati yao wakapewa ajira ya kudumu. Tazama basi jinsi ugomvi wote ulivyosimama juu ya neno moja katika karatasi: je, huyu ni mwalimu au ni mwanagenzi? Aliyelisoma neno hilo kabla ya kutia sahihi alijua tangu siku ya kwanza alichokuwa akipewa na alichokuwa akinyimwa.

Sasa tuvuke bahari. Wasichana wetu wengi, na wavulana pia, wanakwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Siwalaumu. Anayeona ada ya chuo ikimshinda babake, na kahawa ikilipa inapotaka, hatazuiwa na hotuba za mwalimu. Lakini mwaka 2021 Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka 2, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani. Huko, chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kuishi nchini kimefungamana na mwajiri wake, na mageuzi yaliyoanza kutumika Machi 2021 ili kuwapa wafanyakazi uhuru wa kuhama hayakuwagusa wale wa nyumbani.

Kwa mtu wa namna hiyo sheria yetu imeweka kizuizi ambacho mawakala wengi wangependa asikijue. Mkataba wa kazi ya ugenini ni lazima uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, kisha ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali. Afisa huyo haruhusiwi kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala kushurutishwa, na kwamba ameyaelewa masharti yake. Ameyaelewa! Kijana anayekabidhiwa kurasa kadhaa za Kiingereza usiku wa kuamkia safari, katika nyumba ya wageni jijini Nairobi, huku gari la kumpeleka uwanja wa ndege likinguruma nje, anaelewa nini? Na wapo waliofika huko wakawekewa mbele karatasi nyingine ya Kiarabu, yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Asiyebakisha nakala ya ule wa kwanza kwa wazazi wake hana cha kulinganisha.

Najua nitakavyojibiwa. Mtu mwenye njaa hachagui, na anayeuliza maswali mengi huambiwa ampishe mwenzake. Ni kweli, na sitajifanya kwamba sheria inamkinga asiyeajiriwa kwa sababu ya kuuliza. Lakini kusoma si kukataa. Waweza kuusoma mkataba mbaya ukautia sahihi, maana huna njia nyingine, na bado ukawa umejua siku ya malipo ni ipi, saa za kupumzika ni ngapi, na nani atagharimia safari ya kurudi. Anayejua hayo hadanganywi mara mbili kwa jambo lile lile.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili, wachukue mkataba wa kweli, wafute majina, waulete darasani na wausome pamoja na wanafunzi jinsi tunavyosoma ufahamu. Tunawafunza kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mikutano na tawasifu. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha, sijapata kumwona mtahiniwa akipewa kifungu cha mkataba na kuulizwa kinamtaka nani afanye nini. Vipindi 2 vyatosha. Na lugha ni jambo la maana hapa, kwa kuwa sheria yenyewe inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, anaelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kimeru au Kiembu.

Kuhusu nauli sina mengi. Tikiti ya ndege nayo ni mkataba, na ile ya bei rahisi huwa rahisi kwa sababu ya masharti yake: aghalabu hairudishiwi fedha, jina halibadilishwi, na begi kubwa hulipiwa kando. Kijana wa Chuo Kikuu cha Embu anayejilipia safari na ahesabu gharama hizo kabla ya kufurahia bei. Kwa anayekwenda kazini Ghuba, swali la bei halina uzito hata kidogo likilinganishwa na hili: ni nani ataninunulia tikiti ya kurudi miaka 2 ikiisha, na je, nikiugua kabla ya hapo? Kama jibu halimo katika karatasi, aliandikishe.

Limebaki la nambari ya simu. Zamani za Posta na Simu kila mtu alizijua nambari chache kwa moyo, kwa kuwa kibanda cha simu hakikumwekea mtu kumbukumbu. Leo simu hutukumbukia, nasi tumesahau. Lakini kitu cha kwanza ambacho mwajiri katili humnyang'anya mfanyakazi, pamoja na pasipoti, ni simu. Mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa wakati mmoja vitu 7 hivi, ukizidisha au kupunguza 2, na kwamba vitu vikifungwa mafungu mafungu hushikika zaidi. Nambari zetu zina tarakimu 10. Zigawe mafungu 3, ziimbwe kama tulivyoimba jedwali la kuzidisha, asubuhi na jioni kwa wiki moja, nazo hazitatoka. Na zifunzwe jinsi zinavyopigwa kutoka nje: ile 0 ya mwanzo huondolewa, na 254 ikatangulizwa. Nimekutana na vijana wenye vyeti vizuri ambao hawakulijua hilo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na nambari ile yaweza kupewa mtu mwingine. Mama wa Runyenjes au Nkubu ambaye mwanawe yuko Riyadh asibadilishe laini kwa ajili ya promosheni ya wiki moja. Aitie salio dogo, aitumie, aihifadhi vile vile ilivyokuwa mtoto alipoondoka.