Laiki Hazinunui Ndizi: Staa Akitaka Mbege, Alipe

Wiki hii gumzo mjini ni staa mmoja wa Bongo Fleva na dada mmoja wa Kimara anayepika mbege na kuipaki kwenye chupa. Majina yakae pembeni, wenyewe wanajijua. Staa alikuwa na pati ya bethidei, akataka chupa 60, na malipo yakawa ni "kumpaisha" kwenye ukurasa wake. Dada akapika, akapeleka. Ikapostiwa stori moja, ikakaa saa 24, ikapotea. Alipoomba angalau hela ya Bajaji akajibiwa kuwa ana njaa.

Mashabiki wa staa wanasema dada hana shukrani, kwani si amepata wafuasi? Haya, twende kwenye hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Kwa maelezo aliyoyaweka mwenyewe hadharani, chupa moja anaiuza sh. 5,000. Ndizi, ulezi, gesi, chupa na usafiri vinakula kama sh. 3,200. Inabaki sh. 1,800. Kwa hiyo zile chupa 60 za "kupaishwa" zimemtoa sh. 192,000 mfukoni, na ili zirudi inabidi auze chupa 107 nyingine kabla hajaona faida hata ya vocha. Hapo usiku aliokesha jikoni haujahesabiwa. Na nusu ya mtaji ni mkopo wa kikoba alioubeba shangazi yake, mama yule yule aliyemfundisha kupika. Siku ya marejesho hakuna mwanakikoba anayepokea laiki.

Watu wengine wanajitetea kwamba mbege ni ya kugawana, ndiyo mila. Nusu kweli. Uchagani mbege inapelekwa kwenye mahari, inamiminwa kwenye sherehe, na anayeileta anapewa heshima yake. Kilabuni watu wanalipa kwa kata. Staa hakuwa kilabuni na wala hakuwa mkwe.

Ila dada naye asafishwe kwa kiasi. Tatizo lake lilianza zamani, enzi za kupikia washkaji kila Jumapili, pale kila aliyeonja alipokuwa akisema, "Hii uza bwana, utatoka!" Pombe ya bure haijawahi kuwa mbaya. Anayekunywa bila kulipa hawezi kukwambia kwamba ya leo imechacha sana au kwamba ulezi umezidi. Ukweli wa kinywaji anao mtu asiyekujua, aliyetoa hela yake, akarudi wiki ijayo kununua tena. Huyo mmoja ni mali kuliko washkaji ishirini wa Jumapili.

Halafu kuna lile la chupa kupasuka. Mwezi uliopita mzigo wa sendofu moja ulianza kulipuka ukiwa bado kwenye bodaboda, na watu wakacheka mitandaoni mpaka basi. Kilichotokea kinaeleweka. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa zichache kwa siku kadhaa, zikachujwa, zikatiwa uchungu wa magome ya msesewe na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Inanyweka kesho yake, na baada ya siku chache inakuwa kali haifai. Bado iko hai: chachu inaendelea kula sukari na kutoa gesi. Ndooni gesi inatoka zake. Ukiifungia kwenye chupa na jua la Dar likaipiga, itatafuta njia.

Wenye viwanda wanaimaliza hiyo chachu kwa joto la nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa, au wanachuja na kuweka kwenye ubaridi muda wote. Mama wa kilabuni hana mtambo, lakini ana akili: anapika ya leo, inaisha leo. Dada amechukua pombe ya siku moja akaivalisha chupa ya miezi sita. Lebo imependeza kweli. Kilichomo ndani hakijui kama kuna lebo.

Hili halijamkuta yeye peke yake. Marekani, ambako wapika bia wa nyumbani walianzisha viwanda vidogo vingi vinavyotamba leo, serikali kuu iliruhusu kupika bia nyumbani mwaka 1978, tena kwa kunywa wenyewe, siyo kuuza. Ken Grossman wa California alianza hivyo hivyo nyumbani, akafungua duka la vifaa vya kupikia, na mwaka 1980 yeye na mwenzake wakaanza kupika bia ya Sierra Nevada kwa vifaa walivyookota kwenye viwanda vya maziwa. Mapishi kadhaa ya mwanzo ya bia iliyokuja kuwapa jina waliyamwaga, kwa sababu hawakuweza kurudia ladha ile ile. Hobi inaruhusu leo itoke tamu, kesho ikatae. Mteja wa sh. 5,000 haruhusu.

Na sheria nayo ipo. Jina lisajiliwe BRELA, TBS wapime, leseni ya vileo ipatikane, TRA wapewe ushuru wao. Inachosha, ndiyo, lakini waliokutwa na shehena ya viroba Machi 2017 wanajua serikali ikisema basi ni basi. Kinywaji kinachopostiwa kila siku bila karatasi hata moja kinajichongea chenyewe. Siku mtu akiumwa tumbo kwenye pati, staa atafuta picha zote na kusema hamjui mpishi.

Sasa inasemekana dada anataka kuacha kazi ya mshahara ili "ajitose mazima". Asubiri. Apike kidogo, auze ikiwa mbichi, kwa oda, ndani ya siku mbili. Awe na daftari: ndizi kiasi gani, siku ngapi, joto gani, nani amerudi. Bei iwe moja kwa binamu, bosi na staa. Mapishi kumi yakitoka sawa mfululizo na marejesho ya kikoba yakalipwa na mbege yenyewe, hapo aandike barua ya kuacha kazi.

Staa naye, kama kweli aliipenda, njia ni rahisi. Sh. 300,000 kwa simu, haifiki hata bei ya viatu alivyovaa kwenye ile stori. Akishalipa, aposti tena. Safari hiyo itakuwa tangazo la kweli, maana litatoka kwa mteja.

Wadau, kati ya hawa wawili nani mwenye njaa?