Uso wa Mtoto, Macho ya Mzee

Mtoto wa miaka mitatu akiamka na matongo machoni na kamasi puani, nzi wakamtua usoni wala asiwafukuze, wengi wetu husema, "Ndiyo hali ya watoto, akikua ataacha." Tusijidanganye. Uso huo waweza kumpofusha akiisha kuwa mzee.

Uko ugonjwa wa macho uitwao vikope, ambao waganga huuita trakoma. Vijidudu vyake hukaa ndani ya matongo na kamasi. Nzi hutua hapo, kisha huruka na kutua machoni pa mwingine. Kadhalika mama humpangusa mtoto huyu kwa upindo wa kanga, kisha humpangusa mdogo wake kwa upindo ule ule. Mtoto akiambukizwa tena na tena, mwaka hata mwaka, kigubiko cha jicho hupata makovu kwa ndani. Makovu hukivuta kigubiko, kope zikageukia ndani na kukikwaruza kioo cha jicho kila apepesapo, hata nuru ikazimika. Wanawake hupata hasara hii kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto siku zote.

Tena hasara ya bibi ni hasara ya mjukuu. Nani kati yetu hajamwona mtoto ameshika ncha ya fimbo, akimwongoza bibi yake njiani, saa ambayo wenzake wamo darasani?

Mtaniambia, "Karani, maji yako mbali." Ni kweli, na watu wa Kongwa, mkoani Dodoma, walisema hayo hayo. Huko madaktari walilinganisha vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya macho, na katika vijiji 3 wazazi walihimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Habari zake zilitolewa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi hawakushikwa na vikope vikali kama wenzao. Nchi ni ile ile kavu. Uso wa mtoto hautaki ndoo. Maji ya viganja viwili vitatu yatosha.

Basi, tuwafundisheje? Kwanza, tundikeni kibuyu chirizi, au kopo lililotobolewa, kwa kimo cha kifua cha mtoto. Kitu asichokifikia hakiwi desturi yake.

Pili, wekeni sheria moja ya nyumba: hapana uji kabla ya kunawa uso, na baba awe wa kwanza kuitii. Ukimkaripia mtoto anawe, nawe umekaa na matongo yako, umemfundisha kukaripia tu.

Tatu, mwonyesheni utaratibu: mikono kwanza, kisha macho, kisha pua. Akauke kwa upepo, au awe na kitambaa chake peke yake. Mtundikieni kioo kidogo ajitazame mwenyewe, na akiwa safi msifuni mbele ya wenzake. Jioni arudie, maana mkeka mmoja hulaza watoto wanne.

Nao nzi hao huzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa nje. Kwa hiyo mtoto azoeshwe choo mapema, na kinyesi cha kitoto kichanga kitupwe chooni. Msidhani ya kuwa hakina madhara.

Mtoto mwenye macho mekundu yenye matongo apelekwe zahanati, na dawa aimalize hata akipata nafuu. Mzee ambaye kope zake zimegeukia ndani apelekwe hospitali. Kuzing'oa kwa kibano hakutoshi, kwani huota tena. Upasuaji mdogo huzirudisha nje na kuiokoa nuru iliyobaki.

Ugonjwa huu washindika. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa wameushinda, usiwe tena tatizo la umma. Dawa na upasuaji ni kazi ya waganga. Lakini hakuna mganga atakayekuja kila alfajiri kumwosha mwanao uso. Samaki mkunje angali mbichi. Kesho asubuhi, kabla ya kukiteremsha chungu cha uji, anzeni.