Mshubiri Utokane na Jirani, Usitokane na Mwitu

Katika mimea yote iwekwayo barazani na madirishani mwa nyumba zetu za pwani, sioni ulio na fadhila nyingi na unaodhulumiwa zaidi kuliko mshubiri; na ajabu ni kwamba dhuluma hiyo haitoki kwa adui, bali kwa mwenyewe aupendaye, ambaye kila asubuhi huumiminia kata ya maji akidhani huko ndiko kuuhurumia, hata siku moja akakuta majani ya chini yamegeuka rangi ya kahawia na kulainika, na akiuvuta kidogo shina likamfuata mkononi, mizizi imekwisha kuoza. Hapo husema kuwa nyota yake haipatani na mimea. Hasha! Maji ndiyo yaliyouua.

Aghalabu mimea hufungua vinyweleo vya majani yake mchana, ikavuta hewa na huku ikipoteza maji kwa ukali wa jua. Amma mshubiri huvifunga jua liwakapo, ukavifungua usiku hewa ipoapo, ukavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya jani kwa namna ya asidi, kisha kunapopambazuka ukaitumia kujifanyia chakula kwa nuru ya mchana. Mmea wenye tabia hiyo unahitaji chungu chenye tundu chini, udongo uliochanganywa na mchanga mwingi na changarawe, na mtu mwenye subira, asiyetia maji ila baada ya kuchomeka kidole hadi kiungo cha pili na kukuta ukavu mtupu. Wakati wa masika chungu kiepushwe na mchirizi wa paa. Uliozoea kivuli utolewe juani kidogo kidogo, kwani jua la ghafla huubabua.

Baada ya muda mshubiri uliotunzwa hivyo huzaa watoto ubavuni mwake. Mtoto akishapata majani manne au matano na mizizi yake mwenyewe, hutengwa kwa kisu safi, akalazwa kivulini siku mbili tatu hata kidonda kikauke, ndipo akapandwa. Wala asinyweshwe siku hiyo. Hilo la watoto ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa maadamu mmea huu hujizidisha wenyewe vyungu vikafurika, sioni udhuru wa mtu kuchukua jembe akaenda kuung'oa mwituni.

Mishubiri ya mwituni si ya aina moja. Pemba ina wake, uitwao na wataalamu Aloe pembana. Kilifi nayo ina wake, Aloe kilifiensis. Nao ambao wengi tumeupanda majumbani, Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu. Shubiri ilikuwa bidhaa ya majahazi tangu kale, khasa ile ya kisiwa cha Sokotra, na katika karne ya 19 wauza dawa wa Uingereza waliijua aina moja kwa jina la shubiri ya Zanzibar. Uchu wa biashara ya namna hiyo ndio uliosababisha serikali ya Kenya mwaka 1986 ipige marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni, na mkataba wa kimataifa wa CITES hudhibiti biashara ya jamii yote ya mmea huo, ghairi ya Aloe vera.

Fauka ya hayo, iko hatari ya roho. Aloe ballyi, uotao kusini-mashariki ya Kenya na kaskazini-mashariki ya Tanzania, ni sumu, na asiyejua kuupambanua hana amani nao. Hata huu wa nyumbani una mambo mawili ndani ya jani moja: ute mweupe wa katikati, upakwao ngozi iliyoungua, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ule mchungu ambao mama zetu hupaka chuchu wanapomwachisha mtoto ziwa, nao ni haluli kali isiyomfaa mjamzito. Jani likatwapo lisimamishwe wima, utomvu huo uchuruzike wote, kabla ya kuguswa ute.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye chungu kilichojaa watoto amgawie jirani mmoja kabla mvua hazijaanza, na amweleze habari ya maji; naye asiyekuwa nao abishe hodi kwa jirani, auache wa mwituni uote ulipo.