Kihispania Hakianzi na Theluji

Somo la hali ya hewa humfikia mapema anayeanza Kihispania, na vitabu vingi hulifundisha kwa picha zilezile nne: maua ya primavera, ufukwe wa verano, majani makavu ya otoño na theluji ya invierno. Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa, maana lugha huja na nchi yake. Kijana wa Katandala, mtaa wa mji wa Sumbawanga, akariri kwanza majira ya Madrid. Ya Sumbawanga atayaongeza baadaye.

Hoja hiyo ingesimama kama Kihispania kingekuwa cha Madrid tu. Wazungumzaji wake walio wengi wako ng'ambo ya Atlantiki. Bogotá iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Quito 2,850, na yote miwili ni miji ya karibu na ikweta. Majira manne huko hayapo. Mwaka hugawanyika kwa mvua na ukavu, kama kwetu Ufipa, uwanda wa Sumbawanga. Mvua zikichachamaa, Mkolombia husema ni invierno hata kama joto halijashuka. Zikikatika, ni verano. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya hukohuko Madrid, inayatambua matumizi hayo. Basi mwanafunzi wa Sumbawanga anayeiita Januari invierno, mahindi yakiwa yamelowa shambani, anaongea kama watu wa Bogotá, na mwalimu anayemkata alama ndiye wa kusahihishwa. Buenos Aires nako Julai ni mwezi wa makoti, wakati Madrid inaungua kwa jua.

Na makoti ya Julai Katandala tunayajua. Mji uko kwenye mita 1,800 hivi. Asubuhi ya kipupwe dereva wa bodaboda amevaa glavu na koti zito la mtumba, zipu hadi kidevuni, na wateja wa chai wamekumbatia vikombe kwa viganja viwili kabla hawajanywa. Mwambie mmoja wao hace frío, hatahitaji picha ya kitabu. Ukungu ukitanda, hay niebla. Wingu likijaa Novemba kabla ya kupanda, está nublado, likimwagika, llueve. Kisha mshushe kwa gari kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, avue sweta njiani, na sentensi nzima inajileta yenyewe: en Katandala hace frío, pero en el valle hace calor.

Wengine hulalamika kwamba vitenzi vya hali ya hewa, hace, hay na está, ni fumbo kwa anayeanza. Malalamiko hayo yananishangaza yakitoka kwa Mswahili, ambaye jua lake huwaka, mvua hunyesha, upepo huvuma, radi hupiga na ukungu hutanda, na hakuna hata kimoja kinachoazima kitenzi cha jirani yake. Aliyezoea vitenzi vitano atashindwaje na vitatu?

Kipingamizi chenye nguvu kiasi ni cha mtihani. Anayelenga cheti cha DELE cha Instituto Cervantes atakutana na nieve na otoño, atake asitake. Sawa, ayajue, siku moja inatosha, na kwa nieve tunayo Kibo. Ninachokataa ni kuanzia huko, mwanafunzi akatumia wiki nzima kueleza hewa ambayo hajawahi kuivuta huku akishindwa kusema kinachoendelea nje ya dirisha lake.

Tena maneno ya nje ya dirisha ndiyo yatakayomlipa. Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, yako mkoani Rukwa humu, na mtalii Mhispania anayepanga safari ya Julai huenda akafungasha fulana tupu, kwa kuwa kwao wengi huamini Afrika yote ni joto. Wa kumwandikia mapema kwamba en Sumbawanga, en julio, hace frío por la noche, abebe koti, ni kijana aliyeanza na baridi ya kwao.